Kuzuia au Kungoja? Uhakiki wa Istilahi za Kusoma Kibodi

Mswada tunaouzungumzia katika makala haya umeandikwa na walimu wa Karatu kwa ajili ya vijana waliomaliza shule na wanaotaka kujifunza kutunga programu za kompyuta kwa Kiswahili. Uliletwa kwetu ili istilahi zake zikaguliwe kabla ya kupigwa chapa. Twapenda kusema mapema kwamba kazi hii ni ya kusifiwa, kwani waandishi hawakungoja wengine wawafanyie. Hata hivyo, imo sura moja ambayo hatukuweza kuipitisha. Ni ile inayoeleza jinsi programu inavyoweza kutambua kwamba mtu amebonyeza kitufe, pasipo programu hiyo kusimama na kuacha kazi zake nyingine. Maelezo ya kiufundi ya sura hiyo ni sahihi kwa sehemu kubwa. Kasoro imo katika maneno, na kasoro hiyo imewafikisha wanafunzi mahali ambapo waandishi wenyewe hawakukusudia.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na kazi ya kusanifu istilahi imekuwa miongoni mwa majukumu yake tangu siku za mwanzo. Kompyuta yenyewe haikupata njia nyepesi nchini, maana mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake. Miaka 30 baadaye, mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini yenye maelezo ya Kiswahili. Tangu hapo karani aliweza kufungua faili, kulihariri na kulihifadhi kwa lugha yake. Lakini maneno ya namna hiyo ni ya mtu anayeitumia programu. Maneno ya mtu anayeitunga yamebaki nyuma, na kila mwalimu anayafasiri usiku wa kuamkia kipindi. Sura tunayoihakiki ni zao la hali hiyo.

Zoezi la sura hiyo limechaguliwa vizuri. Mwanafunzi anatakiwa kutunga programu ya kuhesabu magari katika barabara itokayo Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha ikaelekea geti la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Mhesabuji anakaa kando ya barabara na kompyuta ndogo. Likipita basi anabonyeza B, likipita lori anabonyeza L, na likipita gari la watalii anabonyeza W. Wakati huohuo skrini inapaswa kuonyesha saa na jumla ya magari, na kila saa inapotimia programu inatakiwa kufunga hesabu ya saa hiyo, kuiandika katika faili na kuanza hesabu mpya. Hiyo ni programu ya konsoli, yaani programu isiyo na picha wala madirisha, inayozungumza na mtumiaji kwa mistari ya maandishi matupu.

Tatizo la zoezi ni hili. Amri ya kawaida ya kusoma herufi moja kutoka kwenye kibodi, kama vile getchar katika lugha ya C, hairudi kwa aliyeiita mpaka herufi ipatikane. Mfumo endeshi huiweka programu kando, huwapa wengine zamu, na kuiamsha programu herufi inapofika. Basi kama hakuna gari lililopita, hakuna kitufe kilichobonyezwa, na kama hakuna kitufe kilichobonyezwa, saa ya kwenye skrini haisogei wala hesabu haifungwi. Mafundi husema kwa Kiingereza kwamba amri hiyo ni "blocking". Waandishi wa mswada walifungua kamusi, wakakuta kwamba "block" ni kuzuia, nao wakaandika hivi: kitendo hiki huzuia ingizo mpaka ufunguo upatikane, ili kuepuka hali hiyo, tumia ingizo lisilozuia.

Tulikaa na vijana wachache mjini Karatu, tukawapa ukurasa huo wausome, kisha tukawaomba watueleze kwa maneno yao wenyewe walichokielewa. Kijana wa kwanza alisema programu imekataza watu kuandika mpaka wapate neno la siri. Alipoulizwa neno la siri limetajwa wapi, alituonyesha neno "ufunguo". Wa pili alikubaliana naye, akaongeza kwamba ingizo lisilozuia ni lile lisilo na ulinzi, ambalo mtu yeyote anaweza kuliingilia. Wa tatu alikuwa amekwisha kulifanya zoezi lenyewe. Alituambia kwamba alichagua kwa makusudi njia inayozuia, kwa sababu hesabu za magari ni jambo la kutunzwa na hakutaka zichezewe.

Kijana huyo alikuwa ameijaribu programu yake barabarani. Lililompata laeleza ubaya wa istilahi kuliko hoja yoyote tunayoweza kuitoa. Saa nane mchana ilitimia magari yakiwa hayapiti. Programu ilikuwa imesimama ikingoja kitufe, kwa hiyo haikujua kwamba saa imetimia na haikuandika kitu. Kabla ya gari jingine kutokea, betri ya kompyuta iliisha. Hesabu ya saa nzima ikapotea. Siku nyingine kosa lilikuwa dogo zaidi na baya zaidi, maana halikuonekana: gari la kwanza la kila saa liliingizwa katika hesabu ya saa iliyopita, kwa kuwa programu iliamka kwa kitufe cha gari hilo, ikaliongeza, ndipo ikatazama saa. Kijana hakuwa mzembe. Alifuata Kiswahili alichoandikiwa.

Hapa hatuna budi kuzungumzia mahali penyewe, kwani istilahi haisomwi hewani. Wilaya za Karatu na Ngorongoro ni mahali ambapo lugha za jamii zilizo mbalimbali sana zinakutana. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni lugha za Kinailoti. Kandokando ya Ziwa Eyasi wako Wahadza, ambao lugha yao ina konsonanti za kidoko na haijathibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine. Kwa vijana wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili, nao wanakijua vizuri, lakini wanakijua kwa maana zake za wazi. Mtu wa namna hiyo akisoma "kuzuia" anaelewa kuzuia: askari aliyenyosha mkono, geti lililofungwa, marufuku. Hana sababu ya kudhani kwamba nyuma ya neno hilo kuna neno la Kiingereza lenye maana ya pili. Na kama angelijua Kiingereza kiasi hicho, asingehitaji mswada huu.

Sasa tulipime neno lenyewe. Kitenzi "zuia" kinadai vitu viwili: mwenye kuzuia na mwenye kuzuiwa. Katika sentensi ya mswada, anayezuia ni kitendo cha kusoma, na kinachozuiwa ni ingizo. Ukweli ni kinyume chake kabisa. Ingizo halizuiwi hata kidogo, bali ndilo linalotakiwa lije. Kilichosimama ni programu, nayo imesimama kwa sababu inangojea. Neno limemtaja mtu asiyehusika na limemsahau anayehusika.

Tutaulizwa: je, wataalamu hawasemi kwamba programu iliyowekwa kando na mfumo endeshi "imezuiwa"? Wanasema, na katika somo la mifumo endeshi usemi huo una msingi, kwa sababu hapo anayezungumziwa ni mfumo unaogawa zamu. Hatupingi neno hilo libaki katika somo hilo. Lakini mwanafunzi anayesoma kibodi hazungumzii ugawaji wa zamu. Anataka kujua iwapo amri yake itarudi sasa au itarudi baadaye. Neno linalojibu swali hilo ndilo linalomfaa.

Tulifikiria pia "kusimamisha". Ni afadhali kuliko kuzuia, kwani linaitaja programu. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku mtu akisema kompyuta imesimama ana maana kwamba imeharibika, na atakimbilia kuizima. Programu inayongoja haijaharibika. Kitufe kimoja kitaifufua.

Yanabaki maneno mawili ya karibu, "kusubiri" na "kungoja". Wengi huyatumia kama pacha, na katika mazungumzo hakuna ubaya. Lakini methali zimeyapima zamani. Subira huvuta heri, ila ngoja ngoja huumiza matumbo. Kusubiri kumebeba fadhila ya moyo, na programu haina moyo wa kustahimili. Kungoja ni kitendo kitupu cha kubaki mahali mpaka jambo fulani litokee, na methali yenyewe inatuonya kwamba kungoja kusikokuwa na mwisho kuna madhara. Hilo ndilo somo la sura nzima. Aidha, kitenzi hiki kina umbo la kutendea, "ngojea", ambalo hukitaja kile kinachongojewa bila maneno ya ziada: programu inangojea kitufe, inangojea faili, inangojea jibu la kompyuta nyingine. Mwanafunzi akiuona ukurasa wa pili atalitambua neno alilolikuta katika ukurasa wa kwanza.

Faida nyingine ni kwamba neno hili linazaa. Mtungaji wa programu ana njia tatu za kusoma kibodi, wala si mbili kama mswada unavyodhani. Anaweza kungoja bila kikomo. Anaweza kutongoja kabisa. Na anaweza kungoja kwa kikomo, yaani kuiambia amri kwamba kitufe kisipofika katika muda fulani, irudi mikono mitupu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, amri za select na poll hupewa muda huo, na muda ukiwekwa sifuri njia ya tatu hugeuka kuwa ya pili. Sema sasa kwa neno la mswada: kuzuia bila kikomo, kutozuia, kuzuia kwa kikomo. Msomaji wa Karatu ataona mbele yake amri tatu za polisi.

Tuendelee na maneno mengine ya sura hiyo, kwani kosa halikuja peke yake.

Neno "ufunguo" kwa kila kidude cha kibodi ni tafsiri ya sauti ya Kiingereza. Tumeona jinsi lilivyoleta neno la siri mahali lisipokuwapo. Kitufe kinatosha, na watu wanakitumia. Kibodi yenyewe imeitwa "kibodi" katika ukurasa mmoja, "baobonye" katika mwingine na "kicharazio" katika wa tatu. Hatugombani na jina lolote kati ya hayo. Twagombana na desturi ya kumpa mwanafunzi majina matatu ya kitu kimoja, akadhani anavyo vitu vitatu. Sisi twapendekeza "kibodi", kwa kuwa ndilo analolisikia dukani.

Tendo la kuuliza kila mara kama kuna kitufe kilichobonyezwa, mafundi huliita kwa Kiingereza "polling". Mswada umeandika "kuipigia kura kibodi". Hili liliwachekesha vijana tuliokaa nao, na kicheko chao kilikuwa hukumu ya haki. Twapendekeza "kuchungulia". Mchunguliaji hutupa jicho mara moja, haingii, hakai, na hurudi kwenye shughuli yake. Hivyo ndivyo zinavyofanya amri kama kbhit, iliyokuwamo katika vikusanyi vingi vya C vya mfumo wa DOS na inayopatikana hata leo katika Windows: hutoa jibu la ndiyo au hapana na kitufe hubaki mahali pake mpaka kichukuliwe kwa amri nyingine. Mwenzetu mmoja alitwambia kwamba kuchungulia ni tendo lisilo na adabu. Ni kweli iwapo kinachochunguliwa ni nyumba ya jirani. Mama anayechungulia chungu jikoni hajamkosea mtu.

Mfano wa mlinzi wa geti unaweza kuyaweka maneno haya pamoja, nasi twawashauri waandishi wautumie. Mlinzi wa kwanza anakaa getini, macho barabarani, na hafanyi jambo jingine mpaka gari lifike. Huyo anangoja. Mlinzi wa pili anaandika daftari lake, na kila akimaliza mstari anainua kichwa kutazama barabara. Huyo anachungulia. Mlinzi wa tatu anaandika daftari lake bila kuinua kichwa, kwa kuwa dereva akifika atapiga honi. Huyo anaitikia hodi. Njia hii ya tatu mswada umeiita "katizo la tukio", maneno mawili mazito yaliyofungwa kamba moja. Hatudai kwamba "hodi" iwe istilahi sanifu leo, ila twasema kwamba kila msomaji wa Kiswahili anajua anayebisha hodi hutaraji kuitikiwa, naye mwenye nyumba alikuwa na kazi yake kabla ya kuisikia. Neno lililobeba maelezo yote hayo lisitupwe kabla ya kujaribiwa.

Kuhusu mlinzi wa pili, kuna onyo ambalo mswada umelitoa kwa maneno yasiyoeleweka. Umesema tuepuke "kusubiri kwa shughuli nyingi". Maana yake ni kwamba programu inayochungulia mfululizo bila kupumzika huichosha kompyuta, kwa sababu huuliza maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja jambo ambalo kidole cha mtu hakiwezi kulibadilisha kwa kasi hiyo. Betri huisha upesi, nasi tumekwisha kuona betri iliyoisha ilivyofanya. Dawa ni kuiagiza programu ilale kidogo baada ya kila mzunguko. Hata sehemu moja ya 20 ya sekunde inatosha, na mhesabuji hatahisi kuchelewa. Tuseme basi "kuchungulia bila kupumzika", na onyo litasomeka. Tumesema mzunguko, wala si "kitanzi" kama ilivyo katika mswada. Kitanzi humnasa mnyama asitoke, ilhali hapa programu inazunguka kwa hiari yake.

Kuna jambo moja ambalo istilahi mbaya imelificha hata kwa waandishi wenyewe. Kwa kawaida kituo cha maandishi hakiipelekei programu herufi yoyote mpaka mtu abonyeze kitufe cha Enter, ili apate nafasi ya kusahihisha mstari wake. Kwa hiyo mhesabuji akibonyeza B peke yake, programu inaweza kuchungulia mpaka jioni isione kitu. Hali hiyo mswada umeiita "hali ya kikanuni", na kinyume chake "hali mbichi". La kwanza linamkumbusha msomaji kanuni za imani. La pili ni mzaha wa mafundi wa Kiingereza, ambao huita hali moja mbichi na nyingine iliyopikwa; mzaha huo hauvuki mpaka wa lugha. Tuseme "hali ya mstari mzima" na "hali ya herufi moja moja". Mwanafunzi akisoma hivyo, ataona mwenyewe kwamba hali ya kwanza haifai kwa zoezi la magari.

Hapo tunawapongeza waandishi kwa neno moja. Tendo la kituo kuonyesha kwenye skrini kila herufi inayobonyezwa wameliita "mwangwi", nao wamefundisha jinsi ya kuuzima. Ni tafsiri ya moja kwa moja, lakini imepata neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo kwa maana ileile: sauti yako inakurudia. Tafsiri ya neno kwa neno si kosa siku zote. Ni kosa pale ambapo hakuna aliyeuliza kama maana imevuka pamoja na neno.

Lakini wamesahau kueleza kwamba programu ikimaliza kazi ni lazima irejeshe hali ya awali ya kituo, yaani mstari mzima na mwangwi. Isiporejesha, mtumiaji ataandika amri yake inayofuata asione herufi hata moja, na atasema kompyuta imeharibika. Kifungu hiki kiongezwe kabla ya kuchapa.

Kwa ufupi, twapendekeza maneno haya yatumike katika mswada mzima bila kubadilishwa: kibodi, kitufe, kungoja bila kikomo, kungoja kwa kikomo, kutongoja, kuchungulia, mzunguko, hali ya mstari mzima, hali ya herufi moja moja, mwangwi. Ikihitajika nomino, tuseme "usomaji unaongoja" na "usomaji usiongoja". Neno "kuzuia" litengwe kwa mambo ya ruhusa na ulinzi, ambako ndiko kwake.

Tuliiandika upya sentensi ya mswada kwa maneno hayo, tukawarudia vijana walewale. Sasa inasema: amri hii hungojea kitufe, na programu haifanyi kazi nyingine mpaka kitufe kibonyezwe, ukitaka kazi nyingine ziendelee, chungulia kwanza. Yule kijana aliyepoteza hesabu ya saa nzima aliisoma mara moja, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini haikuandikwa hivyo tangu mwanzo. Swali hilo tunawaachia walimu na wafasiri wenzetu, nasi tukijihesabu miongoni mwao. Maoni juu ya istilahi tulizozipendekeza yatapokewa kwa shukrani, hasa kutoka kwa wale ambao wamezijaribu darasani.